Samaki 90, faida samaki mmoja: kupiga hesabu ndani ya daftari la simu

"Nyinyi wanangu ndio mnaonimaliza. Nikitoa pesa mnakata, nikitoa tena mnakata. Mwisho wa mwezi sioni kitu."

Maneno hayo tuliambiwa na mteja wetu mmoja, mama wa makamo, siku tulipoweka meza ya kuhudumia wateja Malindi. Hakuja kuuliza swali, alikuja kutushtaki. Tukamvutia kiti, tukamwomba atueleze siku yake inavyokwenda tangu asubuhi.

Yeye ni mama karanga. Kwa msomaji wa bara, jina hili halina uhusiano na njugu. Kukaranga ni kukaanga, na mama karanga ni wale kina mama wa pwani yetu wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga, wakawauza jioni kando ya barabara. Huyu wetu hununua upande wa Mayungu, kusini mwa mji, kisha huuza mtaani kwake.

Tulimuuliza faida yake kwa siku ni ngapi. Alijibu bila kusita: elfu moja mia sita na hamsini. Hesabu aliifanya kichwani, na ilikuwa hivi. Ananunua kilo 15 za samaki wadogo, tafi na changu, kwa shilingi 250 kilo. Hiyo ni 3,750. Kila kilo ina kama samaki sita, kwa hivyo anao 90. Anauza 60 mmoja, zinakuwa 5,400. Ukitoa 3,750 unabaki na 1,650.

Hesabu hiyo haina kosa hata moja. Shida ni kwamba hizo 1,650 hajawahi kuzishika mkononi, na kwa kuwa sisi ndio anaotuona tukikata, lawama ilikuwa yetu.

Binti yake alikuwa na simu ya kugusa. Tukafungua daftari la simu, ile programu ya kuandikia mambo ya kukumbuka, tukaanza kuandika kila kitu ambacho pesa hupitia. Tulikwenda polepole. Mafuta ya kupika hakuyataja mpaka tulipouliza, kwa sababu huyachukua dukani asubuhi na kuyalipa usiku baada ya mauzo. Kuni vile vile. Pesa inayotoka usiku, mtu akiwa amechoka, ndiyo inayosahaulika haraka kuliko zote. Mwishowe daftari lilisoma hivi:

samaki 15*250 = 3750
boda 150
mafuta ya kupima 3*280 = 840
kuni 200
karatasi za kufungia 50
kutoa pesa 3*29 = 87
gharama 3750+150+840+200+50+87 = 5077

waliouzwa 90-4 = 86
mauzo 86*60 = 5160
faida 5160-5077 = 83

Shilingi themanini na tatu. Wale wanne waliopungua ni kitoweo cha watoto nyumbani, na hapo tulikubaliana kwamba si hasara. Watoto lazima wale, na kitoweo kingenunuliwa tu. Lakini kwa kuwa hawakuuzwa, hawawezi kuhesabiwa kwenye mauzo.

Kisha tukaongeza mstari mmoja zaidi: 5077/60. Jibu ni 84.6, yaani lazima auze samaki 85 ndipo arudishe gharama zake. Yeye anauza 86. Siku nzima, kutoka alfajiri ufuoni hadi saa tatu usiku kwenye moshi, faida yake ilikuwa samaki mmoja na vishilingi 23 juu.

Alinyamaza kidogo. Halafu akacheka, akasema, "Basi huyo mmoja ndiye bosi wangu."

Kwa nini si kikokotoo tu?

Kila simu ina kikokotoo, hata kabambe. Lakini kikokotoo hukupa jibu na kusahau swali. Ukibonyeza 840 hakikuulizi 840 ya nini, na kesho ukitaka kujua kama ulihesabu kuni, hakuna pa kuangalia. Daftari linaweka neno na nambari mstari mmoja. Mtu mwingine anaweza kulisoma na kusema, "Hapa umesahau boda." Ndivyo binti yake alivyofanya, mstari wa boda ulitoka kwake.

Kuna jambo jingine ambalo biashara za kwetu zinalo sana. Mama ananunua kwa kilo na kuuza kwa samaki mmoja mmoja. Muuza mchele wa rejareja ananunua kwa gunia na kuuza kwa gorogoro. Wazee walifanya hivyo hivyo kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Kipimo cha kununulia kikiwa tofauti na cha kuuzia, kichwa hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu kila upande unaonekana sawa ukiutazama peke yake.

Daftari lipi linahesabu?

Si kila daftari la simu linajua hesabu, na hapa watu wengi hukata tamaa mapema.

Kama una iPhone yenye iOS 18, toleo lililotoka mwaka 2024, au la baadaye, programu ya Notes iliyomo ndani ya simu inahesabu yenyewe. Andika 15*250= na jibu linatokea mbele ya alama ya usawa. Kwenye Android, Google Keep inatunza maandishi vizuri lakini haipigi hesabu. Hapo una njia mbili. Weka programu ya daftari linalohesabu, kama CalcNote, ambalo hutoa jibu la kila mstari unaouandika. Au endelea na Keep, upige hesabu kwenye kikokotoo, kisha uandike swali zima pamoja na jibu, si jibu peke yake. Ni kazi kidogo zaidi lakini faida ni ile ile. Kwa wanaotumia kompyuta ya ofisini, OneNote ya Windows nayo inahesabu: andika 15*250= halafu bonyeza kitufe cha nafasi.

Na mwenye kabambe? Kitabu cha mazoezi na kalamu, jamani. Mpangilio ni huo huo, mstari kwa mstari. Hatutaki mtu anunue simu mpya kwa sababu ya makala haya.

Ukiandika, tumia kinyota * kwa kuzidisha na mkwaju / kwa kugawanya. Usiweke mkato katikati ya elfu. Andika 3750, si 3,750, maana kuna programu zinazousoma mkato kwa namna nyingine, ukashangaa samaki wa kilo 15 wamekugharimu shilingi tatu na senti.

Ipe nambari jina

Hapa ndipo daftari linaposhinda kichwa. Kwenye Notes ya iPhone unaweza kuipa nambari jina, kisha ukatumia jina badala ya nambari. Tumia neno moja, usiache nafasi katikati.

bei = 60
idadi = 86
gharama = 5077
bei*idadi-gharama = 83

Sasa gusa 60 peke yake, uibadilishe iwe 65. Mstari wa mwisho unajigeuza wenyewe kuwa 513. Ifanye 70, unakuwa 943. Hujafuta kitu kingine, hujaanza upya. (Kama daftari lako halina uwezo huo, nakili mistari minne ubadilishe mmoja. Dakika moja tu.)

Mama alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa wa haki. "Nikipandisha hadi sabini, wateja watanikimbia." Tukamwambia tuwakimbize ndani ya simu kwanza. Tuseme samaki 11 wamekosa mnunuzi, ameuza 75 tu. 75*70 ni 5250. Toa 5077, unabaki na 173. Hata wateja wa samaki 11 wakihama, bado amepata zaidi ya mara mbili ya zile 83, na samaki 11 wamebaki. Hatukumwambia apandishe bei. Mtaa wake anaujua yeye. Lakini sasa anajua uamuzi wake una uzito gani.

Bei ya mwisho kabla ya kufika ufuoni

Mistari hii inaweza pia kusomwa kutoka chini kwenda juu, na kwa mfanyabiashara wa samaki huo ndio usomaji wenye pesa.

Ile 250 kwa kilo ilikuwa bei ya kaskazi, bahari ikiwa tulivu. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia kama Aprili, mawimbi yanakuwa makubwa, vyombo vidogo vinashindwa kutoka nje ya mwamba, samaki wanaadimika na bei inapanda. Mama karanga anafika ufuoni alfajiri, anakuta wenzake kumi wanang'ang'ania ndoo mbili, na ananunua kwa bei yoyote ili asirudi mikono mitupu. Hapo ndipo mtaji unapoliwa.

Tuseme kilo imefika 320, na ameshaanza kuuza kwa 70. Samaki 15*320 ni 4800. Gharama nyingine zote, ukitoa samaki, ni 5077-3750 = 1327. Jumla inakuwa 6127. Akiuza samaki 86 kwa 70 anapata 6020. Amefanya kazi siku nzima na kupoteza 107.

Sasa tuligeuze swali: bei ya juu kabisa anayoweza kununulia bila hasara ni ipi?

(86*70-1327)/15 = 312.87

Jibu ni 312. Kilo ikipita hapo, kulala nyumbani kuna faida kuliko kukaanga, au apandishe bei ya kuuzia, au anunue kilo chache za samaki wakubwa auze vipande. Hii nambari moja, 312, ndiyo tuliyomwomba aiandike juu kabisa ya daftari lake, ili ashuke pale pwani akiwa nayo. Akishafika kwenye ndoo, kelele za mnada hazimpi mtu nafasi ya kuhesabu.

Makosa tunayoyaona sana

Mabano. Siku za Jumamosi mama anasaidiana na wifi yake (wa ndugu, si wa intaneti) na wanagawana faida nusu kwa nusu. Binti akaandika 6020-5077/2, simu ikajibu 3481.5. Wifi alifurahi sana kwa muda mfupi. Simu hugawanya kabla ya kutoa, kwa hivyo iligawanya gharama tu. Hesabu sahihi ni (6020-5077)/2, na jibu ni 471.5. Kila unapogawana kitu, fungua mabano kwanza, kisha ujiulize kama jibu linaingia akilini. Biashara ya 943 haiwezi kumpa mtu 3,481.

Asilimia. Ukipandisha 60 kwa asilimia 10 unapata 66. Ukishusha 66 kwa asilimia 10 hurudi 60, unapata 59.40. Tena alama ya % haisomwi sawa kwenye kila programu. Andika 60*110/100 na hapatakuwa na ubishi.

Kujidanganya kwa kukadiria. "Mafuta weka mia tano tu." Kama ni 840, andika 840.

Na ada zetu je?

Turudi kwenye mashtaka, maana hatutaki kuonekana tumeyakwepa. Ada ya kutoa pesa kwenye ujumbe wake ilikuwa 29 kila mara, naye hutoa mara tatu kwa siku, 1,200 kila mara. Hiyo ni 87. Faida yake ilikuwa 83. Kwa hivyo aliposema tunamkata kuliko anachopata, alikuwa anasema kweli tupu.

Angetoa 3,600 mara moja angekatwa 69. Anaokoa 18 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 468. Si utajiri, lakini ni zaidi ya nusu ya mafuta ya siku moja. Tulijaribu pia njia ya kumtumia mvuvi moja kwa moja. Kutuma 3,750 ni 57, ambayo ni chini ya 69. Lakini wavuvi wengi watakwambia "tuma na ya kutoa", yaani uongeze 69 yao, na sasa umelipa 126. Kwa mama huyu, kutoa mara moja ndiyo nafuu, na tunalisema hilo ingawa sisi tungependa atume.

Hiyo "ya kutoa" ina mtego mwingine, na vyama vingi hunaswa nao. Ada zinakwenda kwa madaraja. Chukua chama cha watu 12, kila mmoja anamtumia 500 yule mwenye zamu. Watu 11 wanatuma, anapokea 5,500, na kutoa ni 87. Wanachama kwa wema wao wanasema tumwongeze ya kutoa: 87/11 ni 7.9, basi kila mtu atume 508. Sasa tazama. Kutuma 500 ni shilingi 7, lakini kuanzia 501 ni 13. Kila mtu ameongeza 8 za mwenzake na 6 za ada:

(8+6)*11 = 154

Wametumia 154 kulipia 87. Njia rahisi ni kila mwenye zamu ajilipie ya kutoa mwenyewe. Kila mtu atapokea mara moja, kila mtu atalipa 87 mara moja, hakuna aliyeonewa. Na asiyehitaji pesa taslimu siku hiyo aziache kwenye simu, alipe karo moja kwa moja.

Ada tulizotumia hapa ni za mfano kutoka ujumbe wa siku hiyo. Hubadilika, hasa ushuru wa serikali ukibadilika. Ya kwako iko kwenye ujumbe wako wa mwisho. Ichukue hapo uiweke kwenye daftari.

Kitu kimoja usikiandike humo

Namba yako ya siri. Daftari la simu hufunguliwa na watoto, na fundi, na yeyote uliyempa simu apige picha. Tumeona watu wakiandika "pin" na nambari nne chini yake, katikati ya bei ya unga na bei ya sukari. Usiiandike hata kinyumenyume. Ukitaka kukumbuka malipo fulani, andika msimbo wa muamala ulio kwenye ujumbe, tarehe na kiasi. Hivyo vitatu vinatosha sisi kukusaidia pakitokea tatizo.

Tarehe iandike juu ya kila siku hata kama haina faida. Mwakani kusi ikirudi, utafungua daftari uone mwaka huu ulinunua kwa ngapi na uliuza kwa ngapi.

Wiki tatu baadaye mama alitupigia. Tulidhani ni shtaka jipya, na kwa kweli lilikuwa shtaka. "Wanangu, na wasomi wote nyinyi pale mezani, mlisahau chumvi, limau na pilipili. Arobaini kila siku."

Tukafungua daftari letu, tukaongeza mstari: viungo 40. Kwa bei ya 60 ile faida ya 83 inashuka hadi 43. Kwa bahati yeye alishahamia 70, ambako 943 inakuwa 903, na bei yake ya mwisho ufuoni sasa ni 310.